Zege Chini ya Amri ya Kutotoka Nje

Kazi ya ujenzi haina namna ya kufanyiwa nyumbani. Mwaka 2020, wakati walimu walipohamia kwenye redio na intaneti na watumishi wa ofisi walipobeba kompyuta zao kwenda nazo majumbani, nondo ziliendelea kufungwa pale pale nguzo itakaposimama, na zege liliendelea kuhitaji watu kadhaa waliosimama bega kwa bega wakipokezana karai au wakiongoza bomba la pampu. Kwa sababu hiyo kila serikali iliyotoa amri ya kukaa nyumbani ili kuzuia kuenea kwa UVIKO-19 ililazimika kuamua jambo ambalo sheria za afya ya jamii zilikuwa hazijalifikiria kwa kina, yaani iwapo ujenzi ni kazi ya lazima, kama ilivyo kazi ya hospitali, maji, umeme na chakula, au ni kazi inayoweza kungoja hadi ugonjwa upite.

Majibu yalitofautiana hata baina ya majirani. Mjini Boston, Marekani, meya alisimamisha karibu ujenzi wote katikati ya Machi 2020, huku miji mingine mingi ya nchi hiyo ikiendelea kujenga. Nchini Uingereza, serikali ya Scotland ilitaka maeneo ya ujenzi usio wa lazima yafungwe mwishoni mwa Machi, ilhali England iliyaacha wazi kwa sharti kwamba wafanyakazi wakae mbalimbali kwa mita 2 kila inapowezekana. Afrika Kusini ilifunga karibu kila kitu kuanzia usiku wa 26 Machi, na sehemu kubwa ya ujenzi haikuruhusiwa kurejea hadi Juni. Kenya haikufunga maeneo ya ujenzi bali ilibana saa za kutembea na mipaka ya kaunti, Uganda iliruhusu kazi iendelee kwa masharti ya pekee, na Tanzania haikutoa amri ya kukaa nyumbani kabisa.

Mtu angetarajia kwamba nchi zilizofunga ndizo zilizoumia na zile zilizoacha wazi zikasalimika, lakini takwimu hazisemi hivyo moja kwa moja. Ni kweli kwamba nchini Afrika Kusini thamani ya shughuli za ujenzi katika robo ya pili ya mwaka 2020 ilishuka kwa asilimia 76.6 kwa kipimo cha mwaka, yaani kiwango ambacho kingefikiwa endapo kasi ya kuporomoka ya robo hiyo ingeendelea kwa robo nne mfululizo. Hata hivyo, huko Uingereza, ambako maeneo mengi yaliruhusiwa kuendelea, kazi za ujenzi zilishuka kwa takriban asilimia 40 katika mwezi mmoja tu wa Aprili. Sababu yake inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa eneo la ujenzi ni mwisho wa mnyororo mrefu: viwanda vya matofali vilikuwa vimezimwa, maduka mengi ya vifaa yalikuwa yamefungwa, makampuni makubwa ya nyumba yalijifungia yenyewe kwa hofu ya lawama, na mafundi waliokuwa wakisafiri pamoja katika gari moja na kulala katika nyumba za wageni hawakuwa tena na pa kulala. Ruhusa ya kufanya kazi, kwa hiyo, si sawa na uwezo wa kufanya kazi, na aliyesoma amri peke yake bila kutazama njia ambayo mchanga, chuma na watu hupitia hadi kufika kwenye eneo la ujenzi hakuweza kujua kazi ingekwenda kwa kasi gani.

Hali ya Kenya inaonyesha jambo hilo vizuri. Amri ya kutotoka nje usiku, ambayo wananchi waliizoea kwa jina la kafyu, ilianza 27 Machi 2020, ikazuia watu kuwa nje kati ya saa 1 jioni na saa 11 alfajiri. Haikufunga eneo lolote la ujenzi, wala haikugusa saa za kawaida za kazi, ambazo kwa mafundi wengi wa Nairobi ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Lakini kibarua wa Nairobi haishi karibu na jengo analolijenga. Hutembea kutoka Mukuru, Kibera au Mathare hadi Upper Hill, Kilimani au Westlands, au hupanda matatu, na matatu zenyewe zilikuwa zimeamriwa kupunguza abiria, zile za viti 14 zikabaki na abiria 8, nauli ikapanda na foleni vituoni zikarefuka. Ili kila mtu afike kwake kabla ya polisi kuanza doria, wasimamizi wengi walilazimika kufunga kazi mapema alasiri, na saa mbili zinazotolewa katika siku ya saa nane ni robo nzima ya kazi ya siku, ingawa hakuna tangazo lolote la serikali lililosema kwamba robo hiyo imeondolewa.

Upungufu huo wa saa haukuwa na uzito sawa kwa kila kazi. Mwashi anayejenga ukuta anaweza kuacha kozi ya mawe katikati na kuiendeleza kesho yake bila hasara yoyote ila muda, na fundi rangi vivyo hivyo. Slabu, yaani sakafu ya zege inayobeba ghorofa, ni jambo jingine. Zege huanza kushika ndani ya saa chache baada ya saruji kukutana na maji, na zege jipya likimwagwa juu ya lile lililokwisha kushika, kati yake hubaki mshono dhaifu ambao maji hupenya na ambao hauna nguvu ya sehemu nyingine za sakafu. Ndiyo maana katika nyakati za kawaida siku ya slabu huanza mapema, vibarua huongezwa, mashine za kuchanganyia huwekwa mbili badala ya moja, na kazi isipokwisha kabla ya giza taa huwashwa na watu huendelea hadi usiku, kwa sababu haikatishwi. Chini ya kafyu mhandisi alibakiwa na njia tatu, na kila moja ilikuwa na gharama yake. Aliweza kuigawa slabu vipande na kuweka mishono kwa makusudi katika sehemu za mhimili zisizobeba nguvu kubwa ya kukata, jambo linalohitaji michoro kurekebishwa na fomu za mbao kufungwa upya. Aliweza kukodi pampu na malori ya zege lililochanganywa kiwandani, ambayo humaliza kwa nusu siku kazi ambayo vibarua wenye karai huimaliza kwa siku nzima na zaidi. Au aliweza kuwalaza watu kwenye eneo la ujenzi usiku huo. Mkandarasi mkubwa alimudu njia ya pili bila kutikisika sana. Mjenzi mdogo wa nyumba ya ghorofa moja, anayetegemea mashine ya kukodi na vibarua ishirini, hakuwa na uwezo huo, na ni yeye aliyebaki akitazama saa huku ndoo zikipandishwa.

Kisha mnamo 6 Aprili likaja katazo la kuingia na kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake, na siku mbili baadaye katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Mizigo iliruhusiwa kupita, lori likiwa na dereva na msaidizi wake walioandikishwa, kwa hiyo mchanga wa Makueni uliendelea kufika mjini, na kwa kuwa viwanda vya saruji vya Athi River vilikuwa ndani ya mpaka wenyewe, saruji haikuadimika. Waliozuiwa ni watu. Fundi aliyekuwa amekwenda kwao magharibi ya nchi kabla ya katazo hakuweza kurudi, mhandisi wa umeme aliyeitwa kutoka Nakuru kuja kukagua nyaya hakuweza kuingia, na wakazi wengi wa Nairobi waliokuwa wakijenga kwao kijijini kidogo kidogo, kama Wakenya wengi wajengavyo, wakabaki kusimamia msingi kwa simu na kupokea picha. Katazo hilo liliondolewa mwanzoni mwa Julai, likarejea kwa namna nyingine kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei 2021 katika kaunti tano zikiwemo Nairobi na Nakuru, na kafyu yenyewe haikuondolewa hadi 20 Oktoba 2021.

Pamoja na hayo yote, hesabu za taifa za Kenya zilionyesha kwamba mwaka 2020, wakati uchumi kwa jumla ulipopungua kwa asilimia 0.3, sekta ya ujenzi ilikua kwa zaidi ya asilimia 10. Matokeo hayo yalichangiwa sana na barabara za serikali, ambazo hujengwa kwa mitambo mizito, na watu wachache walioachana kwa nafasi, mahali pa wazi, mara nyingi na makampuni yenye kambi zao wenyewe. Barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27, ilijengwa katika kipindi hicho hicho na kufunguliwa kwa magari Mei 2022. Wastani wa sekta nzima, hata hivyo, huficha zaidi ya unavyofunua, kwa sababu hujumlisha katapila la barabarani na toroli la kibarua katika tarakimu moja, na anayeuchukua wastani huo kama ushahidi kwamba amri hazikuwaumiza wajenzi huwa amewahesabu wenye katapila tu.

Uganda ilichukua njia iliyokuwa na mantiki yake. Usafiri wa umma ulikuwa umesimamishwa tangu 25 Machi 2020, na katika hotuba ya 30 Machi Rais Yoweri Museveni alizuia pia magari binafsi, akaweka kafyu kuanzia saa 1 jioni, lakini akaruhusu viwanda na maeneo ya ujenzi yaendelee endapo wafanyakazi wangewekwa kambini mahali pa kazi badala ya kwenda na kurudi kila siku. Wazo lenyewe ni rahisi kueleweka: kinachosambaza ugonjwa ni safari ya kila siku kati ya nyumba na kazi, kwa hiyo safari ikiondolewa kazi inaweza kubaki. Miradi ya mabwawa na barabara, ambayo tayari ilikuwa na kambi zenye vitanda, jiko na maji, iliweza kutimiza sharti hilo. Jengo la ghorofa katikati ya Kampala, lenye kibanda kimoja cha mlinzi na choo cha muda, halikuweza. Tena kambi haimalizi tatizo la vifaa, kwa kuwa amri hiyo hiyo ilifunga maduka yasiyouza chakula, yakiwemo maduka ya vifaa vya ujenzi, na hayo hayakuruhusiwa kufunguliwa hadi mwanzoni mwa Mei. Kwa zaidi ya mwezi mmoja, basi, mjenzi aliyekuwa na ruhusa ya kujenga hakuwa na mahali pa kununua misumari kwa njia ya halali, na malori yaliyobeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa yalirundikana kwa kilomita nyingi mpakani Malaba yakisubiri madereva wapimwe.

Njia ya kambi ina upande mwingine ambao Singapore iliufahamu kwa uchungu. Nchi hiyo hujengwa kwa kiasi kikubwa na wafanyakazi wahamiaji, wengi wao kutoka Bangladesh na India, ambao huishi katika mabweni, chumba kimoja kikilaza watu kumi na zaidi kwenye vitanda vya deka, na choo na jiko vikitumiwa na vyumba kadhaa. Ilipoanza amri ya kukaa nyumbani 7 Aprili 2020, wafanyakazi hawa wapatao 323,000 walizuiwa ndani ya mabweni hayo, na virusi vilivyokuwa vimekwisha kuingia vikapata makazi yaliyofaa kuenea kuliko mahali pengine popote nchini. Kufikia Desemba 2020 serikali ya Singapore ilitangaza kwamba, kwa kujumlisha vipimo vya virusi na vipimo vya damu vinavyoonyesha maambukizi ya zamani, karibu nusu yao, yaani asilimia 47, walikuwa wameambukizwa. Ujenzi wenyewe ulishuka kwa zaidi ya nusu katika robo ya pili ya mwaka huo. Kambi hukata safari, hilo ni kweli, lakini kama watu wamerundikwa humo hugeuka njia ya ugonjwa, na swali ambalo amri ya Uganda haikulijibu, na ambalo hata Singapore yenye utajiri wake haikuwa imelijibu, ni kitanda kimoja kiwe mbali kiasi gani na kingine, na nani alipe gharama ya nafasi hiyo.

Kufunga kabisa nako si jambo la kufunga lango kwa kufuli na kuondoka. Jengo lililo katikati ya kujengwa halijakamilika kiasi cha kujihimili lenyewe, na sehemu zake nyingi husimama kwa sababu tu kuna watu wanaozishughulikia kila siku. Slabu iliyomwagwa jana huhitaji kumwagiliwa maji kwa muda wa wiki moja hivi ili saruji iendelee kuwa ngumu, na isipomwagiliwa hupasuka juu na kupoteza sehemu ya nguvu ambayo mhandisi aliihesabia kwa kipimo cha siku 28. Nguzo za mbao zilizoiegemeza haziwezi kuondolewa kwa haraka ati kwa sababu mkodishaji anazitaka. Shimo la msingi lililochimbwa kando ya barabara hushikiliwa na mbao au vyuma na hukaushwa kwa pampu, na pampu ikizimwa katika miezi ya masika, ambayo ndiyo hasa miezi ya Machi hadi Mei amri zilipotolewa Afrika Mashariki, maji hujaa, kingo humomonyoka, na nyumba ya jirani huingia hatarini. Nondo zilizochomoza juu zikisubiri nguzo za ghorofa inayofuata huota kutu. Hata kreni ndefu ya mnara haiachwi imefungwa breki, bali mkono wake huachwa huru ugeuke na upepo, la sivyo dhoruba huweza kuuangusha. Afrika Kusini ilitoa notisi ya siku tatu kabla ya kufunga, muda ambao ulitosha kwa shida kuyafanya hayo. India ilitangaza amri yake saa 2 usiku wa 24 Machi, ikaanza kutumika usiku wa manane, saa nne baadaye, na katika saa hizo nne hakuna mhandisi anayeweza kuliacha shimo la ghorofa tatu chini ya ardhi katika hali ya usalama.

Siku zikishapotea, huja swali la nani abebe gharama yake, na hapa ndipo maneno ya amri na maneno ya mkataba hukutana. Mkandarasi aliyeahidi kumaliza tarehe fulani hutozwa fidia ya ucheleweshaji, kiasi kilichokubaliwa kwa kila siku anayozidisha, isipokuwa awe amepewa nyongeza ya muda. Miradi mingi mikubwa ya Afrika Mashariki, hasa ile inayofadhiliwa na mabenki ya maendeleo, hutumia mikataba ya kigezo iliyotungwa na FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na toleo lake la mwaka 1999 lilikuwa limetaja magonjwa ya mlipuko miaka ishirini kabla ya korona: kifungu cha 8.4 humpa mkandarasi nyongeza ya muda pale upungufu usiotazamiwa wa watu au vifaa unaposababishwa na ugonjwa wa mlipuko au hatua za serikali. Anachopewa hapo ni muda tu, bila fedha. Na siku hizo za nyongeza si za bure, kwa kuwa walinzi hulipwa, mitambo ya kukodi huhesabiwa, bima na dhamana za benki huendelea kukatwa, na wahandisi walioajiriwa kwa mwezi hupokea mishahara, yote hayo bila hata tofali moja kuongezeka ukutani.

Mkataba huo huo, katika kifungu cha 13.7, unasema kwamba sheria ikibadilika baada ya zabuni na mabadiliko hayo yakaongeza gharama, mkandarasi hupewa muda na fedha pia. Ndipo hoja mbili zikagongana. Mkandarasi alidai kwamba kafyu ni sheria mpya, iliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na kwa hiyo gharama yake ni ya mwenye mradi. Mwenye mradi akajibu kwamba chanzo cha yote ni ugonjwa, na ugonjwa huleta nyongeza ya siku tu. Jinsi serikali ilivyoitoa amri, iwe ni kanuni chini ya sheria ya bunge, agizo la hotuba, au ushauri ambao watu waliombwa waufuate kwa hiari, iligeuka kuwa jambo la mamilioni ya shilingi, ingawa walioitunga hawakuwa na ujenzi akilini. Mkandarasi aliyefunga kwa hiari yake, kwa kuwaonea huruma watu wake kabla ya kuamriwa, aliweza kujikuta hana haki ya siku wala ya senti, na hii ni kasoro nzito, kwa sababu inamwadhibu aliyetangulia kutenda lililo jema.

Zaidi ya hayo, haki hizo hupotea zisipodaiwa kwa wakati. FIDIC ya 1999 humtaka mkandarasi atoe taarifa ya madai ndani ya siku 28 tangu alipolijua au alipopaswa kulijua tukio, na taarifa hiyo iwe ya maandishi, ikabidhiwe kwa mkono na kusainiwa, itumwe kwa posta au mjumbe, au ipelekwe kwa njia ya kielektroniki iliyokubaliwa ndani ya mkataba. Wengi hawakuwa wamejaza sehemu inayotaja njia ya kielektroniki, kwa kuwa mwaka waliosaini hakuna aliyeona haja yake, na ofisi ya mhandisi mshauri ilikuwa imefungwa. Vivyo hivyo kwa malipo ya kila mwezi: mkadiriaji majenzi, mtaalamu anayepima kazi iliyofanyika na kuithamini, asipofika kwenye eneo la ujenzi hakuna hati ya malipo, na kwa kuwa mkataba humpa mwenye mradi hadi siku 56 kulipa tangu mhandisi apokee madai ya mwezi, ukata uliosababishwa na Aprili ulimkuta mkandarasi mwezi Juni, wakati wauza nondo walikuwa tayari wamekataa kukopesha.

Singapore, iliyokuwa imeumia sana, ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika kulitatua jambo hili kwa sheria badala ya kuwaachia watu kushtakiana. Bunge lake lilipitisha sheria ya muda ya UVIKO-19 mnamo 7 Aprili 2020, na marekebisho yaliyofuata yakaipa mikataba ya ujenzi iliyohusika nyongeza ya siku 122 kwa pamoja, bila kila mkandarasi kulazimika kuthibitisha madai yake. Gharama za ucheleweshaji zisizo za wafanyakazi, kama vile kodi ya mitambo na ghala, zikagawanywa nusu kwa nusu kati ya mkandarasi na mwenye mradi, kwa kikomo cha asilimia 0.2 ya thamani ya mkataba kwa mwezi na asilimia 1.8 kwa jumla. Utaratibu huu unastahili kusomwa na kila wizara ya ujenzi ya eneo letu, kwa kuwa unakubali ukweli ambao mikataba huukwepa, kwamba hakuna upande uliokosea, na kwamba mzigo usio na mkosaji hubebeka ukigawanywa.

Vifaa navyo vilikuja na hesabu ya kuchelewa. Mji wa Wuhan ulifungwa 23 Januari 2020, siku hiyo hiyo ambayo kazi ya hospitali ya Huoshenshan yenye vitanda 1,000 ilianza mjini humo, ikakamilika kwa siku kumi hivi. Wakati huohuo mafundi na wahandisi wa Kichina waliokuwa wamekwenda kwao kwa sikukuu ya mwaka mpya walizuiwa kurudi kwenye miradi ya Afrika, na viwanda vya vigae, lifti, swichi na vyoo vikasimama. Jengo la Dar es Salaam, ambako hakuna aliyeamriwa kukaa nyumbani, liliweza kusimama miezi kadhaa baadaye likiwa limepigwa plasta lakini halina lifti. Wastani wa nauli ya kontena la futi 40 katika njia kuu za dunia, uliokuwa chini ya dola 2,000 kabla ya janga, ulipita dola 10,000 katika mwaka 2021, na bei ya chuma ikapanda pamoja nayo. Kwa mkandarasi wa Kenya mwenye kazi ya serikali jambo hili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu kifungu cha 139 cha sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 kinakataza bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kusainiwa. Na aliyesaini baada ya Machi 2020 hakuweza tena kusema kwamba ugonjwa haukutazamiwa.

Katika karatasi zote hizi, za mkataba, dhamana, bima na hati za malipo, hakuna iliyomtaja kibarua. Yeye huajiriwa langoni asubuhi na kulipwa jioni, na siku ambayo lango halikufunguliwa hakuwa amefukuzwa wala kusimamishwa, bali hakuajiriwa tu. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba mwenye haki ya notisi, na kwa maneno hayo vibarua wengi wa majengo ya ghorofa walistahili zaidi ya walichopata. Lakini kuthibitisha siku alizofanya kunahitaji daftari, na daftari hukaa kwa nyapara. Afrika Kusini ililipa sehemu ya mishahara kupitia mfuko wake wa bima ya kukosa ajira, ikiwalenga walioandikishwa na waajiri wao. India, ambako maelfu kwa maelfu ya wajenzi waliondoka mijini kwa miguu baada ya amri ya Machi, ilikuwa na kitu ambacho nchi nyingi hazina: tangu mwaka 1996 sheria iliagiza kutozwa sehemu ndogo ya gharama ya ujenzi, walau asilimia 1, kwa ajili ya mfuko wa ustawi wa wajenzi, na ilipofika Machi 2020 serikali ilisema mifuko hiyo ya majimbo ilikuwa na takriban rupia bilioni 520 na wajenzi walioandikishwa wapatao milioni 35. Majimbo yaliagizwa yawatumie fedha moja kwa moja katika akaunti zao za benki, na kwa waliokuwa na kadi hai ya usajili zilifika. Wengi waliokuwa barabarani hawakuwa nayo, ama kwa sababu usajili wao ulikuwa umekwisha muda, ama kwa sababu walijiandikisha katika jimbo moja na kujenga katika jingine.